Beringi Tatu Kabla ya Kufunga Giaboksi

Leo tuko gereji. Land Rover ya zamani imewekewa injini ya dizeli ya Kijapani, lakini giaboksi ni ileile. Hapo ndipo kazi inapoharibika, na mara nyingi chanzo ni beringi ndogo kuliko zote.

Hiyo hukaa nyuma ya krenkshafti na kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Injini na giaboksi za kampuni tofauti si lazima zilingane vipimo. Beringi namba 6202, kwa mfano, ina tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35. Ncha ikicheza, usiizungushie bati la kopo! Mpelekee fundi mchonga vyuma atengeneze bushi ya kipimo chake. Unapoipigilia beringi kwenye tundu, gonga ringi ya nje tu. Ukigonga ya ndani, golori zinaumia kabla gari halijawaka.

Ya pili ni beringi ya klachi. Ikiwa ni iliyozibwa, usiioshe kwa petroli, maana grisi yake inayeyuka.

Sasa sikiliza gari. Ukikanyaga klachi likalia, shuku beringi ya klachi. Likilia kwenye frii, kisha ukikanyaga likanyamaza, shuku ya tatu, beringi ya shafti ya giaboksi.

Tena, kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini, ndugu yangu, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) ukairekebishe kadi hiyo.