Daftari la Mtoto ni Kadi ya Kliniki

Hotuba kwa wazazi na watoto katika sherehe ya Uhuru wa Tanzania Bara, Sharpstown, Houston



Sisi ni wauguzi wa jumuiya. Wengi wetu shahada za uuguzi tumezipatia huku huku ugenini, tukisoma mchana na kufanya kazi usiku, na sasa tunalea watoto wa chekechea na wa madarasa ya kwanza. Leo hatukuja kuwapima presha. Tumekuja kuzungumza juu ya daftari.

Watoto wetu wanarudi kutoka shule, au tunawakuta darasani siku ya mkutano wa mzazi na mwalimu, wakiwa na daftari lenye jalada la madoa meusi na meupe, limevimba kama andazi. Ndani kuna karatasi zilizokatwa, zikakunjwa, zikabandikwa kwa gundi. Baadhi yetu tumesikika tukilalamika: "Mtoto kaenda shule kukata karatasi?" Swali ni la haki, na tutalijibu.

Walimu wa huku wanaliita daftari shirikishi. Mpango wake ni mwepesi. Kurasa za mwanzo huachwa kwa ajili ya yaliyomo, na kila ukurasa hupewa namba. Ukurasa wa kulia hubeba alichofundisha mwalimu: neno jipya, kanuni, mchoro. Ukurasa wa kushoto ni wa mtoto: hapo anachora, anaandika sentensi yake, anabandika karatasi yenye vidirisha vya kufunua, au mfuko wa kuwekea kadi. Kulia ameingiziwa, kushoto anatoa. Walimu wengine hugeuza pande hizo, lakini maana ni ile ile: mtoto hanakili tu, lazima aonyeshe ameelewa nini.

Jambo hili si geni kwetu. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Redio na kijitabu vilikuwa ukurasa wa kulia. Choo kilichochimbwa kilikuwa ukurasa wa kushoto. Somo ambalo halikufika mikononi halikuhesabiwa kuwa limeingia.

Na ndiyo maana tunasema daftari la mtoto ni kadi ya kliniki. Mama zetu waliibeba kadi ile kwenye mkoba kila mwezi. Mtoto alipimwa uzito, nukta ikawekwa, nukta zikaunganishwa. Hata mama asiyejua kusoma aliuona mstari: unapanda, umelala, au unashuka. Hakungoja mtoto adhoofike ndipo ajue. Daftari hili nalo lina mstari wake. Linganisha ukurasa wa Agosti na wa Desemba. Herufi zimetulia? Mchoro una mambo mengi zaidi? Sentensi imerefuka? Huhitaji Kiingereza cha chuo kuyaona hayo.

Kwa macho ya muuguzi, kuna mengine ya kutazama. Mtoto wa miaka 4 kwa kawaida ameanza kushika penseli kwa vidole na kidole gumba, si kwa ngumi. Wa miaka 5 anaandika baadhi ya herufi za jina lake. Mkasi na gundi huupa mkono mdogo mazoezi ya kazi hiyo. Lakini mtoto akiwa darasa la kwanza bado anashika penseli kwa ngumi, au anainamia daftari mpaka pua iguse karatasi, au anakata nje ya mstari kila mara, usimchape wala usimwite mvivu. Muulize muuguzi wa shule. Texas inataka watoto wapimwe macho na masikio wanapoanza shule, na tena darasa la 1, la 3, la 5 na la 7. Ukiwa na wasiwasi, usisubiri zamu ya darasa. Omba apimwe mapema. Mtoto asiyeona ubao huonekana kama mtoto asiyeelewa.

Sasa lile swali la kukata karatasi. Ni kweli, daftari hili linaweza kuharibika likawa pambo. Nusu saa inaishia kwenye gundi na rangi, somo linapata dakika tano. Kipimo ni hiki: funua kidirisha, mwambie mtoto akueleze. Akieleza kwa maneno yake, karatasi imefanya kazi. Ukurasa ukiwa mzuri kama kadi ya harusi na mtoto hana la kusema, basi zungumza na mwalimu kwa upole na umuulize shabaha ya ukurasa ule ilikuwa nini.

Tunajua saa zetu. Mmoja anatoka kazini saa moja asubuhi, mwingine anaingia saa moja jioni, mnapishana mlangoni mkikabidhiana watoto kama wauguzi wanavyokabidhiana wagonjwa. Hatuwaombi saa nzima. Tunaomba dakika 10, mara mbili kwa wiki, na maswali matatu: Hapa ulifundishwa nini? Wewe mwenyewe ulifanya nini? Kipi bado kinakusumbua? Uliza kwa Kiswahili. Mtoto akijibu kwa Kiingereza, mrudishie jibu lake kwa Kiswahili, mwendelee. Shule nyingine huweka madaftari darasani. Basi omba kuliona siku ya mkutano. Na asiyeelewa Kiingereza aombe mkalimani bila aibu. Chini ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, shule inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Msimtumie mtoto kutafsiri habari zake mwenyewe. Atatafsiri zile zinazompendeza.

Hilo la mwisho limewachekesha, lakini hospitalini halichekeshi. Sisi wauguzi tunamwona mtoto wa miaka minane akisimama kati ya daktari na mama, akitafuta neno la ugonjwa ambalo hajawahi kulisikia katika lugha yoyote. Hospitali zina wajibu wa kuleta mkalimani bila malipo, na tunawasihi mmdai. Lakini kuna pengo ambalo mkalimani halizibi: pale mtoto anaumwa usiku nyumbani na hawezi kumwambia mama yake ni kiuno, ni ubavu au ni kinena. Lugha ikikatika kati ya mama na mtoto, kuna siku itakatika mahali pabaya.

Kwa hiyo tunapendekeza kila nyumba iwe na daftari la pili: daftari shirikishi la Kiswahili. Linatosha la bei ndogo, mkasi wa watoto, gundi na penseli za rangi. Tumefikiria kurasa tano za kuanzia.

Ukurasa wa kwanza ni mwili. Mtoto achore mtu, abandike vidirisha juu ya bega, kiwiko, ubavu, tumbo, goti na kisigino. Juu ya kidirisha Kiingereza, chini yake Kiswahili. Kushoto aandike sentensi: "Naumwa hapa."

Ukurasa wa pili ni ukoo. Kwa Kiingereza shangazi na mama mdogo wanaitwa jina moja, na mjomba na baba mdogo vivyo hivyo. Kwetu kila mmoja ana mlango wake. Mpe mtoto vidirisha, abandike picha, ajue nani ni ndugu wa baba na nani ni wa mama.

Ukurasa wa tatu ni saa. Akate duara, aweke mishale, na nje ya kidirisha aandike 8:00, ndani aandike saa mbili. Kisha mpigie bibi. Mwezi huu wa Desemba, Houston ikiwa saa mbili asubuhi, Dar es Salaam ni saa kumi na moja jioni. Mtoto atakayeelewa hilo amefanya hesabu, jiografia na Kiswahili kwa simu moja.

Ukurasa wa nne ni mifuko miwili ya ngeli. Mfuko mmoja wa mtu na watu, mwingine wa kiti na viti. Achanganye kadi, azipange, aseme: mtoto mzuri, kitabu kizuri. Hakuna haja ya kumhubiria sarufi; sikio litamwongoza.

Ukurasa wa tano ni maamkizi. Mtoto aandike shikamoo, mzee wa nyumbani aandike marahaba kwa mkono wake mwenyewe. Wazee wetu mliokuja kutembelea wajukuu, ukurasa huo ni wenu.

Watoto, sasa ni zamu yenu kusikiliza. Gundi ni tone moja, si uji. Na mzazi akikuuliza swali, ukurasa wa kushoto ni wako: wewe ndiye mwalimu wake kwa dakika 10.

Ndugu zetu, mwezi Septemba 1961, hapa hapa Sharpstown, lilifunguliwa jengo la maduka ambalo leo tunaliita PlazAmericas. Miezi mitatu baadaye, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ikapata Uhuru wake. Waliokuwa wakinunua viatu katika jengo lile hawakujua kwamba siku moja mtaa huu utasikia Kiswahili kwenye ngazi za nyumba za kupanga. Sasa kinasikika. Kama kitasikika na wajukuu wetu wakiwa wakubwa, hilo halitaamuliwa jukwaani siku ya sherehe. Litaamuliwa mezani siku ya Jumanne, sahani zikiwa hazijaoshwa.

Mitihani ya jimbo huanza darasa la tatu. Mwenye mtoto wa chekechea ana muda; mwenye mtoto wa darasa la pili aanze wiki hii. Shule zikifunguliwa Januari, tunaiomba Jumuiya itenge Jumamosi moja kila mwezi, watoto waje na madaftari yao, wazee wakae nao, na sisi wauguzi tutakuwepo na mkasi na gundi.