Akisema hapumui, legeza mkono

Leo tunazungumza juu ya mkono wa polisi na shingo ya mtu. Neno hili ni lako wewe uliye askari polisi, ni lako pia wewe raia, kwa maana kila anayekamatwa ni mtoto wa mtu.

Kwanza tuelewe mambo ya mwili. Mbele ya shingo kuna koo, ndiyo njia ya hewa. Pembeni, kushoto na kuume, kuna mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ukibana mbele, hewa inakatika. Ukibana pembeni, mtu anaweza kuzimia kwa sekunde chache tu. Na anayekosa hewa anarusha mikono na miguu bila kupenda. Askari anafikiri, "Huyu anabisha," kumbe mtu anatafuta pumzi. Basi askari anakaza zaidi, na mtu anakufa.

Je, sheria peke yake inatosha? Tazama New York, katika Marekani. Polisi ya mji ule ilikataza kukaba koo mwaka wa 1993. Lakini tarehe 17 mwezi wa 7, mwaka wa 2014, Eric Garner alikabwa shingo na askari. Alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua, akafa. Amri ilikuwa na zaidi ya miaka 20. Ilikuwa ndani ya kitabu, haikuwa ndani ya mikono ya askari.

Tazama tena mji wa Minneapolis, tarehe 25 mwezi wa 5, mwaka wa 2020. Huko kanuni za wakati ule ziliruhusu askari aliyefundishwa kubana shingo. George Floyd alikuwa amelazwa kifudifudi, amefungwa pingu mikono nyuma. Derek Chauvin, askari wa miaka 19 kazini, akamwekea goti shingoni zaidi ya dakika 9. Mwenzake, aliyekuwa katika siku zake za kwanza za kazi, akauliza mara mbili kama wamgeuze kwa ubavu. Mkubwa hakukubali, na mdogo hakuendelea. Wapita njia walilia, hawakusikilizwa.

Mwaka wa 2021 Chauvin alihukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Mwaka wa 2022 askari watatu waliokuwa naye wakaonekana na hatia nao, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeweka goti shingoni. Kuona na kuacha kulikuwa kosa.

Hapo ndipo penye somo letu, ndugu zangu. Amri iandikwe, ndiyo. Lakini chuo cha polisi kifundishe mikono: kushika mkono na mguu, siyo shingo, pingu zikiisha kufungwa, kumgeuza mtu kwa ubavu au kumkalisha, kulegeza mara moja akisema hapumui. Tena kifundishe kinywa: mdogo azoezwe kusema, "Komanda, inatosha," na mkubwa azoezwe kulipokea neno hilo bila hasira. Neno ambalo halikuzoezwa halitoki siku ya hatari.

Utaniambia, "Mimi ni mdogo, nitamkatazaje mkubwa wangu?" Katiba yetu ya mwaka wa 2006 imekujibu. Kifungu cha 16 kinasema mtu ni kitu kitakatifu, na Serikali inapaswa kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Basi kumzuia mkubwa asiue siyo uasi. Ni kumwokoa anayekamatwa, na kumwokoa mkubwa mwenyewe asiingie gerezani.

Na wewe raia, usifikiri somo hili ni la askari tu. Mkikamata mwizi kwenye mtaa wenu, ni nani anayemshika shingo? Ni nani anayemkalia mgongoni? Mkabidhini kwa polisi akiwa mzima, ahukumiwe na sheria. Ukiona askari anakaba, usirushe jiwe, sema kwa sauti, wewe pamoja na wenzako, "Mwacheni apumue!"

Maji yakimwagika hayazoleki, na pumzi iliyotoka hairudi. Tulinde pumzi ya mwenzetu.