Kishikwambi cha Kabatini Hakifundishi Mtu



Wiki hii naomba tuingie darasani. Hatuendi kuzungumzia michango wala madawati, maana hayo tumeyasema sana na Mungu akipenda tutayasema tena. Tunakwenda kuvitazama vyombo vya kisasa vilivyoingia katika shule zetu katika miaka hii michache: kishikwambi, kompyuta, projekta, spika ndogo, na simu ya mwalimu mwenyewe. Swali letu ni moja tu: vyombo hivi vinafundisha, au vinatunzwa?

Utakumbuka kwamba Agosti 2022 nchi yetu ilifanya Sensa ya Watu na Makazi, na makarani wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya makaratasi. Sensa ilipokwisha, serikali iliamua vishikwambi hivyo viende kwa walimu. Ulikuwa uamuzi mzuri, maana chombo kilichohesabu watu kilikuwa kinakwenda sasa kuwafundisha watoto wao.

Lakini hebu mtafute mwalimu unayemfahamu, umwulize kwa upole: kile chombo kiko wapi? Mmoja atakitoa mkobani papo hapo, kioo kimechakaa kwa kazi. Mwingine atakwambia kiko nyumbani, kimefungiwa katika sanduku la nguo. Wa tatu atakwambia shuleni kwao vyombo vyote viko katika kabati la mwalimu mkuu, ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu leo yuko mkutanoni.

Tusiwacheke. Hofu yao ina sababu. Chombo kimetiwa saini, ni mali ya umma, na mshahara wa mwalimu sote tunaujua. Kikivunjika, nani atalipa? Mtu asiyepata jibu la swali hilo hufanya lile ambalo mimi na wewe tungelifanya: hufungia. Kisha mkaguzi anapofika huhesabu: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, vyote vipo, ahsante mwalimu. Hesabu imetimia, na mtoto hajajifunza kitu.

Msikilizaji, jambo hili si geni duniani. Kule Peru, Amerika ya Kusini, serikali iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza shule 319 za vijijini walitoa matokeo yao. Kompyuta kweli zilikuwa zimeongezeka mikononi mwa watoto, lakini alama za hisabati na lugha hazikuonyesha kupanda.

Sasa tutazame hapa kwetu. Mwaka 1973, kwa redio, chombo ambacho vijana wa leo wanakiona cha kizee, nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili waliketi katika vikundi kusikiliza. Lakini redio haikuachwa peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi na kijitabu cha kufuata. Kipindi kilipokwisha watu walijadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia vidimbwi vya mbu. Redio ilisema, na watu wakatenda. Hiyo ndiyo siri ya chombo chochote cha kufundishia, kiwe cha betri za mawe au cha kugusa kwa kidole.

Basi, kwa walimu wanaotusikiliza na kwa wafanyakazi wote wa shule, naomba tuambizane machache ya kazi. Hayahitaji semina ya siku tano wala posho.

La kwanza, panga somo kwanza, chombo baadaye. Jiulize: kuna nini katika somo hili ambacho chaki haiwezi? Chaki inaweza kuandika jina la moyo na sehemu zake. Haiwezi kuonyesha moyo ukidunda na mlango wake ukifunguka na kufunga. Chaki inaweza kuchora mlima, lakini haiwezi kuonyesha uji wa moto wa volkano ukimwagika. Hapo kishikwambi kina kazi. Lakini kama unataka tu watoto wanakili maelezo, ubao unatosha, na ubao hauishiwi chaji.

La pili, jitayarishe jana. Usiingie darasani ukitegemea kutafuta picha mbele ya watoto, huku mtandao ukizunguka na bando likikata. Pakua usiku, uhifadhi ndani ya chombo, ufungue mara moja uone kama kinacheza. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Kitabu ambacho shule ina nakala mbili tu, mwalimu anaweza kuwa nacho kiganjani. Na siku zote uwe na mpango wa pili, maana umeme haupigi hodi unapoondoka.

La tatu ndilo linalowasumbua wengi: chombo kimoja, watoto 80. Mwalimu anakiinua juu kama kikombe cha ushindi, na kuanzia dawati la tatu hakuna anayeona kitu. Usikiinue. Chukua vipindi viwili vilivyofuatana, ambavyo ni dakika 80. Gawa darasa makundi manane ya watoto kumi kumi. Kundi moja linakaa na kishikwambi kwa dakika nane au tisa likiwa na maswali mawili ya kujibu, na makundi mengine yanafanya zoezi katika daftari. Kisha wanapokezana. Kila kundi lichague kiranja wa kushika chombo, na wengine mikono chini. Kelele zitakuwepo, lakini watoto wanaobishana juu ya jibu ni afadhali kuliko watoto 80 waliolala kimya.

Na kama huwezi kugawa makundi, tumia sauti. Hapa naomba mniamini, maana sauti ndiyo ugali wangu. Picha ya kishikwambi haifiki dawati la tatu, lakini sauti ya spika ndogo inafika ukutani. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuwasikilizisha watoto matamshi, na mwalimu wa Kiswahili akawasikilizisha hadithi. Weka spika juu ya dawati katikati ya darasa, siyo sakafuni na siyo dirishani. Kipande kisizidi dakika tatu. Cheza mara ya kwanza wasikilize tu, kalamu chini. Toa maswali. Kisha cheza mara ya pili wakitafuta majibu. Na mvua ikianza kupiga juu ya bati, zima, usishindane nayo.

La nne, tumia kamera. Mishipa ya bawa la nyuki ni vigumu kuiona kwa macho, lakini ukimpiga picha akiwa ametulia ukaikuza, watoto wanaiona. Piga picha ya hesabu iliyokosewa katika daftari, ficha jina la mwenyewe, halafu waulize wenzake: kosa limeanzia mstari wa ngapi? Watajifunza zaidi kwa kosa hilo moja kuliko kwa mifano kumi iliyonyooka.

La tano, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote, rekodi watoto wakisoma. Tunalalamika kila mwaka kwamba mtoto amefika darasa la nne na hajui kusoma. Tunagundua lini? Tumechelewa. Mwalimu wa madarasa ya chini achukue chombo chake, na wazazi wakiwa wameridhia, amrekodi kila mtoto akisoma kwa dakika moja tu mwezi wa pili, kisha tena mwezi wa kumi. Kwa watoto 60 hiyo ni saa moja ya kurekodi, ukiigawa katika wiki mbili huioni. Siku ya kikao, mzazi asisomewe alama peke yake. Asikilizishwe sauti ya mwanawe, ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka. Mzazi anaweza kubishana na karatasi, lakini hawezi kubishana na sauti ya mtoto wake mwenyewe inayokwama katika neno la silabi mbili. Na anayemsikia akisoma bila kukwama, nyumba nzima siku hiyo itakula vizuri.

Niseme pia neno juu ya hii inayoitwa akili mnemba, ambayo walimu wengi sasa wanayo katika simu. Inaweza kukusaidia kutunga maswali kumi ya mazoezi kwa dakika moja, na si dhambi kuitumia. Lakini jueni tabia yake: hata pale isipojua, hujibu kwa ufasaha uleule wa anayejua. Kila inachokupa, kipime kwa kitabu cha kiada kabla hakijafika ubaoni.

Sasa tuhamie ofisini, maana shule haiendeshwi na walimu peke yao. Kuna katibu muhtasi, kuna mhasibu, kuna mwalimu wa taaluma anayetunza alama. Alama za wanafunzi zisikae mahali pamoja. Kompyuta moja ikifa siku mbili kabla ya kufunga shule, watu watakesha. Wekeni nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi inayofungiwa, na moja iliyochapwa katika faili. Na hiyo flashi isitembee. Flashi inayozunguka kutoka steshenari hadi ofisini ni kama mswaki wa kuazimana.

Na tukiwa hapo hapo steshenari, jamani, mitihani! Mwalimu anakwenda kuchapisha mtihani wa majaribio mtaani, analipa, anachukua karatasi zake na kuondoka. Mtihani umebaki ndani ya kompyuta ya mwenye duka, na jioni kijana wa kidato cha nne anakuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Kama ni lazima uende huko, simama pale pale mpaka faili lifutwe, na pipa la takataka la kompyuta limwagwe. Barua pepe uliyotumia, toka kabisa kabla hujainuka kitini.

Vilevile, alama na picha za watoto si bidhaa za kumwaga katika kundi la wazazi la WhatsApp. Mtoto wa mwisho darasani naye ana heshima yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mzazi apewe za mwanawe tu.

Na matunzo, kwa kifupi. Betri huharibika ikiachwa tupu kwa miezi, kwa hiyo kabla ya likizo chaji mpaka kama nusu, zima, na ukitazame tena baada ya mwezi. Umeme ukikatika, chomoa, maana mara nyingi kinachoua chombo ni umeme unaporudi kwa kishindo. Funika kwa kitambaa kuzuia vumbi la chaki. Weka neno la siri, na lisiwe 1234.

Msikilizaji, nimesema mengi kwa walimu. Sasa niseme na wakubwa wao.

Mwalimu mkuu, nunua daftari moja la kaunta. Lipige mistari: tarehe, darasa, somo, mwalimu aliyechukua, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na hali ya chombo. Liweke kando ya kabati, na ufunguo awe nao mtu wa pili pia, ili ukiwa mkutanoni somo lisikwame. Daftari hilo litakulinda kuliko kufuli, kwa sababu litaonyesha nani alikuwa nacho na alikuwa anafanya nini.

Maafisa elimu, kuanzia kata hadi mkoa, badilisheni swali. Mkifika shuleni msiulize tu vipo vingapi. Ulizeni vilitumika mara ngapi wiki iliyopita, na katika somo gani. Na semeni wazi, kwa maandishi, tofauti kati ya uzembe na ajali ya kazini. Mwalimu aliyekiuza, au aliyekisahau katika daladala, awajibike. Lakini kishikwambi kilichopasuka kioo mbele ya watoto kumi waliokuwa wakitazama moyo unavyodunda, hicho kimekufa kazini. Chaki nayo huisha kwa kuandika, na hatujawahi kumkata mwalimu mshahara kwa sababu chaki imeisha. Mpaka walimu walisikie neno hilo kutoka kwenu, kabati litabaki limefungwa.

Nasi wazazi, tukienda katika kikao kijacho, kabla hatujapiga makofi kwa ahadi ya kompyuta nyingine mpya, tuombe kwanza kuliona lile daftari. Kama kurasa zake zimejaa, tuchange, na tuchange kwa moyo. Kama ni jeupe, tuulize kwa heshima: hivi vilivyopo vinangoja nini? Maana chombo kitachakaa tu, kikitumika au kisipotumika. Tofauti ni kwamba kimoja kitachakaa na kuacha mtoto anayejua kusoma, na kingine kitachakaa na kuacha namba ya usajili katika leja.