Kikohozi Kimepona, Mimba Bado: Madhara ya UVIKO-19 kwa Afya ya Mjamzito

Mada kwa semina ya wakunga na wauguzi wa kliniki za wajawazito

Utangulizi



Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Ndoo za kunawia mikono zimeondoka milangoni na barakoa zimebaki kwa wachache. Kirusi chenyewe bado tunacho, na wajawazito bado wanakipata. Hoja yangu leo ni moja: kwa mjamzito, homa na kikohozi vikiisha, ugonjwa huenda haujaisha. Madhara mengine hujitokeza baadaye kwenye presha, kwenye damu na kwenye kondo la nyuma, na hapo ndipo kliniki zetu zina uwezo wa kuyawahi.

1. Kwa nini mjamzito hulemewa

Mfuko wa uzazi unapokua husukuma mapafu kutoka chini. Akiba ya hewa inayobaki kwenye mapafu baada ya kutoa pumzi hupungua kwa takriban asilimia 20, huku mwili ukihitaji oksijeni zaidi kuliko kawaida. Nimonia ikiingia, mjamzito huishiwa oksijeni upesi.

Damu yake nayo huganda kwa wepesi, maana maumbile yanamwandaa asipoteze damu nyingi siku ya kujifungua. UVIKO-19 pia huchochea damu kuganda. Mambo hayo mawili yakikutana, hatari ya damu kuganda kwenye miguu au mapafu huongezeka.

2. Takwimu zinasemaje

Marekani, mwaka 2020, wataalamu walilinganisha wanawake wapatao 400,000 wa umri wa miaka 15 hadi 44 waliokuwa na dalili za UVIKO-19. Katika kila wajawazito 1,000, takriban 10.5 waliingizwa chumba cha wagonjwa mahututi; kwa wasio na mimba walikuwa 3.9.

Kwa upande wa Afrika, utafiti wa nchi sita, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake waliolazwa na UVIKO-19, hatari ya kufia hospitalini kwa mjamzito ilikuwa karibu mara mbili ya asiye na mimba. Hao walikuwa wagonjwa waliokwishalazwa, tena kabla chanjo hazijaenea. Tusiwatishe kwa takwimu hizo akina mama wote wanaokuja kliniki na mafua. Zitufundishe kumtambua mapema anayezidiwa.

3. Presha na kondo la nyuma

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Utafiti wa INTERCOVID, uliochapishwa mwaka 2021 ukihusisha wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 18, ulikuta kwamba wajawazito walioambukizwa walikuwa na hatari ya kupata presha ya mimba inayotangulia kifafa cha mimba mara 1.76 ya wenzao. La kuzingatia zaidi, hatari hiyo iliongezeka hata kwa waliokuwa hawana dalili zozote za UVIKO-19. Mama asiyekohoa hata siku moja anaweza kufika kwetu presha imepanda na mkojo una protini.

Kondo la nyuma nalo hushambuliwa. Katika baadhi ya wajawazito kirusi huliingia na kusababisha uvimbe, kufa kwa seli, na mrundikano wa utando wa damu iliyoganda unaoziba njia za oksijeni. Mwaka 2022 madaktari wa nchi 12 walichunguza makondo 68 ya watoto wa mama wenye UVIKO-19, waliofia tumboni au waliofariki muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya robo tatu ya kondo ilikuwa imeharibika. Mara nyingi mtoto hakuuawa na kirusi kilichomwingia mwilini. Alikosa hewa kwa sababu kondo lilishindwa kazi.

Marekani, katika vizazi zaidi ya milioni 1.2 vya kati ya Machi 2020 na Septemba 2021, watoto waliozaliwa wafu walikuwa asilimia 1.26 kwa mama wenye UVIKO-19 na asilimia 0.64 kwa wasio nao. Wakati wa wimbi la aina ya kirusi iitwayo Delta, hatari hiyo ilifika takriban mara nne ya wasio na UVIKO-19.

4. Mtoto mchanga

INTERCOVID ilikuta pia kwamba hatari ya walioambukizwa kuzaa watoto njiti ilikuwa mara 1.59 ya wenzao. Baadhi walizalishwa mapema kwa uamuzi wa daktari, ili kumwokoa mama. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza maambukizi kwa mtoto. Mama mwenye UVIKO-19 avae barakoa, anawe mikono, amnyonyeshe mwanawe na kumkumbatia ngozi kwa ngozi.

5. Madhara ya kukosa huduma

Wapo walioumizwa na janga hili bila kuambukizwa. Kenya ilipotangaza kafyu ya usiku kuanzia 27 Machi 2020, uchungu wa uzazi haukusubiri alfajiri. Jijini Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki alianzisha mpango wa Wheels for Life, uliowapatia wajawazito usafiri wa bure wa kufika hospitali usiku. Hofu ya kuambukizwa nayo iliwafanya wengine wakwepe kliniki, na presha isiyopimwa haina atakayeijua.

6. Chanjo

Majaribio ya kwanza ya chanjo hayakuwahusisha wajawazito, na pengo hilo la taarifa lilizaa woga na uvumi. Tanzania ilizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, maswali hayo yakiwa bado moto. Ushahidi ulikuja baadaye. Huko Scotland, asilimia 98 ya wajawazito wenye UVIKO-19 walioingizwa chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa hawajachanjwa. Chanjo humkinga mama asizidiwe, na kingamwili zake humfikia mtoto kupitia kondo.

7. Mapendekezo

(i) Kila hudhurio, mama aulizwe kama ameugua homa, kikohozi au kupoteza uwezo wa kunusa, na jibu liandikwe kwenye kadi yake.

(ii) Aliyeugua apimwe presha na protini kwenye mkojo kila hudhurio hadi ajifungue, na baada ya kujifungua pia.

(iii) Kimo cha mfuko wa uzazi kifuatiliwe. Ultrasaundi ikipatikana, aliyelazwa kwa ugonjwa mkali apimwe ukuaji wa mtoto wiki mbili hivi baada ya kupona.

(iv) Mama afundishwe kurudi mara moja mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikimuuma sana, akiona ukungu machoni, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi.

(v) Kiwango cha oksijeni kikishuka chini ya asilimia 94, apewe oksijeni na rufaa siku hiyohiyo.

Hitimisho

Vifaa vingi vya kazi hii tunavyo: mashine ya presha, vipimo vya mkojo, utepe, kadi na ulimi wa kuuliza. Kinachokosekana mara nyingi ni lile swali la kwanza. Naomba kila kundi lijadili mambo mawili: swali hilo litaulizwa na nani katika kituo chenu, na mama akijibu "ndiyo", nani atahakikisha amerudi?