Gari la Umeme kwa Mtu wa Mshahara

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika 20 nizungumzie gari la umeme, nadhani kwa sababu katika chama chetu ni mimi peke yangu ninayelo. Asubuhi hii ndugu mmoja aliniuliza pale getini, kwa sauti ya kusikiwa na wote, imekuwaje mwenye gari la umeme ameteremka kwenye basi. Swali lake ni la haki, na jibu lake ni sehemu kubwa ya yale niliyokuja kuyasema. Gari langu lisingefika hapa. Lilijengwa kwa ajili ya mji, nami nalitumia mjini.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, na nililinunua likiwa limekwisha kutumika. Jina lake sitalitaja, maana sikuja kufanya biashara. Ninalo mwaka wa tatu sasa. Ninafanya kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba, ambao uko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya Dodoma. Nikihesabu kwenda na kurudi, kumpitisha mtoto shuleni, na kusimama soko la Majengo jioni, siku yangu ya kawaida ni kilomita 45. Betri ikijaa inanipa kilomita 110 kwa mwendo wa mjini. Kwa hiyo narudi nyumbani na zaidi ya nusu.

Mtu asidhani kwamba haya ni maajabu ya juzi. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa katika gari la umeme, na hakuna gari la aina yoyote lililokuwa limefika mwendo huo kabla yake. Kilicholishinda gari la umeme tangu wakati ule ni betri, na hata leo mwenye gari la namna hii ni mwenye betri kwanza, gari baadaye.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua ndiko masikio yenu yaliko. Mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye jina lake la utani sithubutu kulitamka naye ameketi mbele yangu, alitufundisha kwamba uniti moja ya umeme ni kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja. Tulikariri, tukaandika katika mtihani, tukasahau. Mimi nimelazimika kukumbuka. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ukinunua umeme wa shilingi 10,000 unapata uniti 28, ukiacha makato ya kodi ya jengo. Gari langu, nikipima kwenye mita ya nyumbani badala ya kuamini kioo cha gari, linakwenda kilomita 6 kwa uniti moja. Kilomita 45 basi ni uniti 7 na nusu, yaani kama shilingi 2,700 kwa siku. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingekunywa lita 3 na robo tatu. Tuseme lita ni shilingi 3,000, ingawa mwaka 2023 tuliona ikipita 3,200: hiyo ni shilingi 11,250. Katika siku 22 za kazi tofauti inakaribia shilingi 190,000 kila mwezi. Kwa mtumishi wa daraja langu hiyo si fedha ya kuchezea, ni karo.

Ongeza kwamba halina oili ya injini ya kubadilisha wala plagi. Tairi, breki na bushi ziko palepale, na barabara zetu za vumbi hazibagui. Ila mfundisheni fundi wenu jambo moja: nyaya nene za rangi ya chungwa zilizo chini ya boneti zinabeba umeme wa volti zaidi ya 300, na hazishikwi na mtu asiyefundishwa. Fundi wangu wa chini ya mwembe ni hodari, nami namheshimu, lakini nimemwambia mbele ya mashahidi kwamba mpaka wake ni magurudumu.

Kuchaji nachaji nyumbani, usiku. Soketi ya kawaida inatoa kilowati 2 na ushei, kwa hiyo uniti zangu 7 na nusu zinaingia kwa muda wa saa tatu na nusu. Nalichomeka saa nne usiku, na kabla ya jogoo wa kwanza limeshiba. Lakini soketi hiyo isiwe ile ya sebuleni yenye televisheni na friji. Pasi inavuta umeme mwingi kwa nusu saa, kisha inapumzika. Gari linavuta kwa saa nyingi mfululizo, na waya mwembamba au soketi iliyolegea itapata moto. Nilimwita fundi umeme mwenye leseni akanivutia waya wa peke yake kutoka kwenye ubao wa swichi, wenye swichi yake ya kujikata na waya wa ardhini uliopimwa. Msitumie ekstensheni ya dukani. Tena waya wa kuchajia uje pamoja na gari kutoka Japani, kwa kuwa wauzaji wengi huuacha, na plagi yake ya Kijapani ibadilishwe na mtu anayejua.

Hapo ndipo penye ubaguzi wa gari hili. Linamfaa mwenye ua wake. Ndugu anayepanga vyumba viwili, analaza gari nje ya ukuta, na mita wanachangia wapangaji wanne, huyo atagombana na majirani kabla mwezi haujaisha. Kuhusu umeme wenyewe kukatika, nilikuwa na hofu kubwa wakati wa mgawo wa mwaka 2023. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha mwezi Februari 2024 hali imekuwa nafuu, na bwawa lile limejengwa kwa megawati 2,115. Hata hivyo silali na betri tupu. Ikishuka chini ya nusu nachomeka, hata kama kesho ni Jumapili.

Jambo zito ni umri wa betri, na hapa naomba wanaotaka kukopa SACCOS wanisikilize. Gari la umeme linaloonekana sana kati ya yaliyotumika Japani ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. La kwanza lilikuwa na betri ya uniti 24, na Wamarekani walipolipima wakaliandikia kilomita 117 likiwa jipya. Betri yake haina maji ya kuipoza. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, ambako jua ni kali kuliko la Dodoma, walilalamika kwamba betri zinapungua upesi, na baadaye kiwanda kikatoa betri inayovumilia joto zaidi. Kwenye kioo chake kuna vipande 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Kipande cha kwanza hakizimiki mpaka betri imepoteza kama asilimia 15, kwa hiyo vipande 11 si hasara ndogo kama jicho linavyodhani. Na wapo wajanja wanaovirudisha vyote 12 viwake kwa siku chache, mpaka gari limeuzwa. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwenye simu. Asiyekubali betri ya gari lake isomwe, mwacheni na gari lake.

Mtaona magari ya mwaka 2011 na 2012 yakiuzwa kwa bei ya kuvutia. Bei hiyo ina sababu. Gari likizidi miaka 8 linatozwa ushuru wa uchakavu bandarini, na betri ya umri huo huenda ikakupa kilomita 60 tu. Mtu wa Mtumba atafika kazini. Kurudi atamwomba Mungu. Ni heri kungoja na kununua la miaka ya karibuni, kama yale ya betri ya uniti 40 yaliyoanza kutoka mwaka 2017, kuliko kukimbilia rahisi.

Nimesema juu ya fedha na betri, lakini lililonifikirisha kuliko yote si hayo. Mwaka jana, saa sita usiku, nilipigiwa simu kwamba mama ameanguka uani na hawezi kusimama. Kijijini kwetu ni mbele ya Kondoa mjini, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwangu. Gari lilikuwa limejaa umeme, linang'aa chini ya taa, na halikuwa na faida yoyote kwangu usiku ule. Nilimwamsha shemeji yangu, akanipa funguo za pikapu yake ya dizeli bila kuuliza swali, na alfajiri tulikuwa tumemfikisha mama hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika. Sasa anatembea kwa mkongojo na kunituma kama zamani.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza kama anunue, simwulizi kwanza mshahara wake. Namwuliza ni nani anayeweza kumpigia simu saa sita usiku, anakaa wapi, na kama kuna mtu wa karibu mwenye gari la mafuta atakayempa funguo. Mwenye magari mawili nyumbani hana tatizo. Mwenye moja tu, na wazazi wako mbali, ahesabu jambo hilo pamoja na zile shilingi 190,000. Mimi nimehesabu na bado ninalo, kwa kuwa shemeji yuko nyumba ya tatu. Akihamishwa kikazi nitahesabu upya. Nikienda Dar es Salaam napanda treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma, na gari nalilaza.

Mwenzetu mmoja, anayestaafu mwakani, ameniandikia akitaka kutumia kiinua mgongo chake kununua magari mawili ya namna hii yawe teksi. Kaka, kwa gari la zamani la kilomita 90 nasema hapana. Teksi inaweza kumaliza kilomita hizo kabla ya adhuhuri, kisha ilale muda wa saa nyingi kwenye waya huku abiria wanapita. Ukitaka kweli, nunua moja tu, la betri kubwa, mwendeshe wewe mwenyewe miezi sita, na uandike kila uniti katika daftari. Langu ninalo hapa mkobani, kwa yeyote atakayetaka kulinakili wakati wa chai.

 Maswali nayangoja.