Mizani na Kura



Wako wasemao: Rais akikosa mwacheni, kura itamhukumu. Sisi wenye maduka twajua kwamba mnunuzi hawezi kuihukumu mizani asiyoruhusiwa kuikagua. Huko Marekani, mwaka 1972, Rais Nixon alishinda majimbo 49 katika 50, hali watu waliolipwa na kamati yake ya uchaguzi walikwisha kamatwa ndani ya ofisi za chama pinzani. Kura haikuyaona hayo. Julai 1974 Mahkama Kuu ilimwamuru atoe kanda za sauti, na kamati ya Bunge ikapitisha hati za kumshitaki, Agosti akajiuzulu.

Basi siasa mbaya ihukumiwe na kura. Khiyana ihukumiwe na Bunge, tena mapema, kwani aichezeaye mizani leo, kesho ataichezea kura yenyewe.