Hedhi nzito na upungufu wa damu

Msikilizaji, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Hapa Tabora, na kuteremka njia ya zamani ya misafara hadi Ujiji, lawama huiendea malaria kwanza, kisha lishe. Ni kweli, malaria ni nyingi kwetu. Lakini zingatia na hili: hedhi inayopita siku 7, inayolowesha pedi kila saa au kutoa mabonge makubwa, humaliza akiba ya madini ya chuma mwezi baada ya mwezi. Ndipo huja kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuhema kwa kazi ndogo. Na mwanamke mwenye hali hiyo akishika mimba, anafika leba akiwa hana damu ya kupoteza.

Sasa, wapo wanaosema hakuna haja ya kuulizia hedhi: kila mwanamke ana maumbile yake, na zahanati za Sikonge na Kaliua tayari zimeelemewa. Hedhi hutofautiana, nakubali. Ila uvimbe kwenye kizazi, homoni zilizovurugika au damu isiyoganda sawasawa ni maradhi, na yana matibabu. Kuhusu kuelemewa, kuuliza siku za hedhi hakuhitaji mashine yoyote. Tena anayetibiwa malaria peke yake, huku hedhi ikiendelea kummaliza, atarudi kwenye foleni ile ile.

Je, mwanamke aliyepauka akifika hospitali ya Kitete au zahanati ya kijijini, nani aanze kuitaja hedhi: mhudumu, au mgonjwa anayeona haya?